Theluji ya Makongeni

Kuna picha moja ya sebule yetu ya Makongeni ambayo siwezi kuitazama zaidi ya dakika moja. Ndani yake wamo watu tisa. Wanane unaweza kukisia ni akina nani kwa nguo zao na kwa jinsi walivyosimama. Wa tisa, aliyeketi katikati kwenye kiti cha mikono, ni baba yangu, na uso wake hauonekani. Kuna kola ya shati, kuna koti, kuna vidole juu ya magoti, halafu pale panapopaswa kuwa na uso pana giza lenye madoa mawili ya macho. Nyuma ya kichwa chake kuna kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, na hicho kinaonekana vizuri sana, tundu kwa tundu, ua kwa ua. Ndiyo picha ya mwisho ya baba. Hakupigwa nyingine.

Watu wakiiona husema mpiga picha alikuwa bure kabisa. Mama husema kosa ni lake yeye mwenyewe. Mimi nilisema ni mashine, na mashine ile nimeichukia tangu siku ilipoingizwa studio, wala hapa sikuja kuisamehe. Lakini haikufanya peke yake.

Kazi niliipata katikati ya miaka ya tisini, kwenye studio moja ya Jogoo Road, Nairobi, iliyobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Mwenye studio alikuwa mtu wa makamo, anayefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni, na aliyeamini kwamba kila mfanyakazi anamwibia kitu hata kama ni hewa. Alinipeleka chumba cha nyuma kwenye mashine ya kuchapa picha, akanifundisha kwa wiki mbili bila kuniangalia usoni hata mara moja. Filamu ikishasafishwa inakuwa negativu, ule ukanda wa rangi ya chai ambao ndani yake weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe. Mashine ya zamani haikujua lolote. Nilikuwa nalaza negativu juu ya taa, naitazama, naamua mwenyewe: hii iongezwe mwanga, hii ipunguzwe wekundu, hii iachwe. Nikikosea narudia. Nilikuwa hodari, na simwombi mtu radhi kwa kujisifu, maana ndicho kitu pekee nilichojua kufanya vizuri.

Baada ya mwaka mmoja niliweza kusema picha imepigwa wapi kabla sijaangalia sura ya mtu. Ukuta wenye rangi ya mafuta ya samawati mpaka kiunoni, na chokaa juu yake, hao ni watu wa kwetu. Vumbi jekundu linalofika magotini, huo ni uwanja wa mpira wa Jericho. Nguo za kuning'inia za kila rangi na hakuna hata inchi ya ukuta, hiyo ni Muthurwa. Kapeti jekundu na maua ya plastiki, watu wamebatizwa. Nilizipanga kwa rangi kichwani bila hata kutaka, na pamoja nazo nikawapanga wenyewe: hawa wastaarabu, hawa wanajionyesha, hawa washamba wasiobadilika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona nimeshawajua watu wote.

Ndipo bosi akaleta mashine nyingine, iliyotumika ng'ambo ikachoka, ikaletwa huku kama mpya. Fundi aliyekuja kuifunga alivaa tai, na aliishika kwa upole ambao hakuwa nao kwa binadamu. Alitueleza kwamba hii haihitaji macho ya mtu. Inagawa kila picha vipande vidogo vidogo vya mraba, inapima kila kipande kina wekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, samawati kiasi gani. Kisha inalinganisha na picha nyingi ilizoonyeshwa huko kiwandani, na kuamua yenyewe hii ni picha ya mahali pa namna gani. Ufuo wa bahari. Msitu. Machweo. Usiku. Theluji. Ikishaamua, inajua ichape vipi. Kwenye skrini yake ndogo ilikuwa inaonyesha alama ya ilichoamua: jua nusu kwa machweo, mwezi kwa usiku, na kwa theluji kitu kama ua lenye ncha sita.

"Na watu?" nikamwuliza. "Alama ya watu iko wapi?"

"Haiangalii watu," alisema kwa fahari. "Inaangalia rangi tu. Rangi haidanganyi."

Kitabu chake cha maelezo kilikuwa na picha za watoto wa Kizungu waliovaa kofia za sufu, wakicheka katikati ya theluji. Mashavu yao yalikuwa ya waridi na yalionekana sawasawa. Nilikifunga kitabu hicho nikijua tayari kwamba tutagombana.

Fundi alipoondoka, bosi alichukua selotepu akaibandika juu ya vile vifungo vya kurekebisha mwanga na rangi, mstari mzima, mara mbili. "Mambo ya kubahatisha yameisha," akasema. "Mashine imesema, wewe unachapa. Karatasi ya kurudia utanieleza mwenyewe, moja moja." Nilimwambia kwamba hiyo mashine haijawahi kufika hata soko la Burma kununua nyama, itajuaje Jericho? Akaniambia nikitaka kuuza nyama njia naijua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Timu ya mpira ya Jericho walipiga picha saa nane mchana, jua la utosi, na mashine ikaona vumbi jekundu ikasema machweo. Ikauacha wekundu wote uendelee, na wachezaji kumi na mmoja wakatoka kama matofali. Nahodha wao alikuja akiniuliza kama kuna moto ulikuwa unawaka nyuma yao. Kuta zetu za samawati iliziita bahari. Bibi mmoja aliyekaa mlangoni akichambua maharagwe alichapwa akiwa ufuoni, na ngozi yake imekuwa ya manjano kama mgonjwa wa ini. Nilicheka kwa hasira, nikazipeleka mbele, nikatukanwa.

Theluji haikuchekesha. Nyumba kwa nyumba, Jumatatu kwa Jumatatu, lile ua la ncha sita lilikuwa linawaka kwenye skrini, na watu wanatoka weusi tititi, hawana pua, hawana midomo, wamebaki macho na meno. Walikuwa wakinirudishia bahasha zao dirishani wakiuliza kama mimi ni kipofu. Siku moja nilizikusanya zote zilizokataliwa, nikazitandaza juu ya meza ya kukatia, nikasimama mbele yake mikono kiunoni. Nguo zilikuwa tofauti. Watu walikuwa tofauti. Kuta ni samawati, kijani, krimu. Kitu kimoja tu kilikuwa sawa kwenye kila picha, na nilipokiona nilitaka kupiga kelele: vitambaa.

Asiyekulia mitaa yetu ya Eastlands miaka ile atadhani natia chumvi. Kila mama aliyejiheshimu alikuwa na uzi mweupe na sindano yenye ndoana, na alifuma mpaka nyumba nzima ikafunikwa. Kitambaa cha mgongo wa kochi, cha mkono wa kushoto, cha mkono wa kulia. Cha meza kubwa, vya stuli, cha redio, cha televisheni kama ipo, cha juu ya thermosi, cha juu ya kile cha chini. Vilifuliwa kwa bluu ya kung'arisha na kupigwa wanga mpaka vikasimama vyenyewe. Sasa chukua sebule ya futi kumi kwa kumi, jaza vitambaa hivyo, washa flashi ya kamera. Mashine iliona weupe kila upande ikasema theluji. Na theluji inataka ichapwe kwa giza kidogo, ili mikunjo yake ionekane isiwe weupe mtupu. Shavu la mtoto wa Kizungu linavumilia hilo. Sisi tulizama.

Nilimweleza bosi. Nilimwonyesha picha kwa picha. "Kwa hivyo wewe umesoma kuliko kiwanda?" akaniuliza.

Basi nikaanza kuwaambia wateja. Nilisema vibaya, nakubali, sikuzaliwa na ulimi wa asali. Mama mmoja wa Makongeni, mke wa fundi wa injini, alileta filamu ya sherehe ya mwanawe. Nikamwambia siku nyingine akipiga picha atoe kwanza vile vitambaa. Alinitazama kama niliyemwambia atoe nguo.

"Nitoe vitambaa, nikae kwa mbao tupu kama mtu ako selo ya polisi?"

"Mama, uso wako hauonekani."

"Uso wangu wananijua. Kitambaa hicho nimekifuma miezi minne. Wewe umefuma nini?"

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama yangu alikuwa ameketi akifuma.

Lazima niseme kuhusu mama na vitambaa, maana vita vyetu havikuanzia kwenye mashine. Mama alifika Makongeni kutoka Ukambani akiwa ameolewa na karani wa reli, akapewa chumba kimoja na jiko la kushirikiana, na majirani waliotangulia wakamcheka kwa sababu viti vyake vilikuwa vitupu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alijifunza kufuma kwa kuchungulia mikono ya wenzake kanisani, kwa sababu hakuna aliyekubali kumfundisha. Miaka ishirini na tano baadaye hakuna aliyemfikia, na hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Sisi watoto tulikulia chini ya sheria: usiegemee, usishike, usilale hapo, vua viatu, nawa. Kitambaa kilikaa kwenye kochi, sisi tulikaa sakafuni. Nilivichukia kabla sijajua neno la kuchukia. Yeye naye alinichukulia kama mtu aliyezaliwa kumpinga, na sikumwangusha.

"Nasikia unaambia watu vitambaa vyetu ni takataka," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimesema vinaharibu picha."

"Picha zimepigwa hapa miaka yote. Leo umeandikwa kazi ndio vinaharibu."

Baba alikohoa kutoka chumbani, kikohozi kile kirefu, na sindano ya mama ikasimama mpaka kikaisha.

Alikuwa anakohoa tangu mwaka uliotangulia. Ofisini walikuwa wamemwambia apumzike nyumbani, na alikaa kwenye kiti cha mikono kuanzia asubuhi amevaa koti la kazi, kalamu mfukoni, akisoma gazeti la juzi. Mimi nilisema ni vumbi la mafaili. Mama alikuwa amemsindikiza hospitali, akaambiwa jambo, na hakutuambia watoto. Alichosema ni kwamba anataka picha moja ya nyumba nzima, watoto wote, na wajukuu wawili waliokuwepo, na baba katikati. Mimi nikaona ni yale yale: anataka kuwaonyesha watu wa nyumbani sebule yake. Kama angeniambia daktari alisema nini ningetoa vitambaa kwa meno. Au pengine nisingefanya lolote tofauti. Sijui, na si vizuri kudai ninajua.

Mpiga picha alikuwa kijana wa Jericho, mtu wa magharibi mwa Kenya, aliyezunguka mitaa yetu kila Jumapili na kamera shingoni. Filamu moja aliigawa kwa familia tano au sita, akaileta kwetu studio, akawapelekea picha zao. Negativu alibaki nazo yeye, kwenye katoni chini ya kitanda chake, ili ukitaka nakala urudi kwake. Ndivyo walivyofanya wote. Nilimwambia mlangoni, kabla hajavua viatu, kwamba vitambaa vitoke kwanza.

"Mathe, msichana wako anasema vitoke," akamwambia mama.

Mama alifungua sanduku la bati akatoa vingine. Naapa. Vile vya Krismasi, vilivyokuwa vimekunjwa ndani ya gazeti, akavitandaza juu ya vile vilivyokuwepo. Alikuwa anapumua kwa nguvu puani. Cha mwisho, kikubwa, chenye maua manane pembeni, alikiweka nyuma ya kichwa cha baba, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mama, baba hataonekana."

"Ataonekana. Nimekaa naye miaka yote, mimi ndiye nitamficha?"

"Itakuwa nyeusi! Nafanya hii kazi kila siku!"

"Na mimi nimefanya hii nyumba kila siku!"

Ndugu zangu walikuwa wanatazama miguu yao. Kitoto kimoja kilianza kulia. Baba alifunga gazeti lake akaliweka chini ya kiti. "Piga, kijana," akamwambia mpiga picha. "Hawa hawataisha leo."

Filamu ilinifikia Jumatano. Niliisafisha, nikaikausha, nikaipitisha kwenye mashine. Ilikuja harusi ya mtu, ikaja timu ya kwaya, tukaja sisi. Hata katika negativu nilitujua: ukuta wetu, mpangilio wetu, mama ameinua kidevu. Skrini ikawaka ua la ncha sita.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho nyumbani sikuwahi kukisema. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeshagundua kwamba selotepu haizuii kidole. Ukibonyeza kwa ukucha, kifungo kinashuka chini yake, na bosi hajui. Nilikuwa nimeshaokoa nyuso nyingi namna hiyo, za wateja waliozungumza nami vizuri. Ningebonyeza mara tatu tu na baba yangu angetokea. Ukucha wangu ulikuwa pale, juu ya selotepu. Nikamfikiria mama na lile sanduku lake. Nikafikiria "wewe umefuma nini." Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Wacha aone."

Nikauondoa mkono.

Ilitoka ikiwa na joto, ikaanguka kwenye trei, na nikafurahi. Nitasema tena ili isidhaniwe nimeteleza: nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda. Kesho au kesho kutwa, akishakubali, ningeichapa tena vizuri na kumletea kama zawadi.

Mpiga picha alituletea jioni, kabla ya chakula. Mama alifuta mikono kwenye leso kabla ya kuipokea. Aliitazama, akaisogeza dirishani, akaitazama tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimsubiri. "Nilikwambia," nikasema.

 Yeye alimgeukia mpiga picha, akamwambia kamera yake ni ya wizi, na kwamba mtu wa magharibi hawezi kumfanyia kazi tena katika nyumba yake. Yule kijana alikasirika mpaka mishipa ikasimama shingoni. Baba akanyoosha mkono apewe picha. Aliishika karibu na macho.

"Mimi ndiye yupi hapa?" akauliza.

"Wewe ni huyo wa katikati, Baba."

"Huyu?" Akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi. "Kumbe nimeshaondoka."

Mama aliichukua picha mkononi mwake akaiweka kifudifudi juu ya kitambaa cha meza.

Kesho yake mpiga picha alifika studio na kumwaga yote kwa bosi, mbele ya wateja. "Mumeniharibia jina, manze! Mathe mzima amenitusi kwa sababu ya mashine yenu!" Bosi akamwambia mashine haikosei, kamera yake ndiyo inayokosea. Karibu washikane mashati. Kijana akadai negativu zake zote, hata zilizokuwa bado kwenye trei, akaziviringisha akatoka nazo. Nilimfuata mpaka barabarani.

"Nirudishie hiyo moja," nikamwambia. "Nitaichapa vizuri."

"Kwa nini hukuichapa vizuri jana?"

Nikaangalia ukucha wangu.

"Sikia, siste. Mathe yako akuje mwenyewe Jericho aniambie si makosa yangu. Akuje na miguu yake. Ndio nitakupea."

Mama hakwenda. Nilimwambia mara moja tu, na nikamwambia vibaya, kwa sauti ya mshindi, kwamba akitaka picha nzuri aende akaombe msamaha. Alisema afadhali akae bila. Mimi ningeweza kwenda Jericho na kumwambia yule kijana ukweli, kwamba si mama wala si yeye. Ni hatua chache, unavuka barabara. Kila Jumamosi nilisema nitaenda. Mvua za masika zikaanza, nikasema zikipungua. Nyumbani tulikuwa tunapishana kwenye mlango bila kuongea, mama na mimi, na baba katikati kwenye kiti chake akisikiliza ukimya wetu. Mama alikuwa na sababu ya kuharakisha na mimi sikuijua. Hakuniambia, kwa kuwa mtu wa kuambiwa alikuwa mimi.

Baba alifariki mwezi wa sita, asubuhi, kabla ya chai.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Jericho. Nililia njia nzima na watu wakanipisha. Yule kijana alinisikiliza mlangoni nikisema yote, kifungo, selotepu, ukucha, kila kitu. Ni yeye peke yake niliyemwambia. Hakunipa pole. Aliingia ndani akavuta ile katoni kutoka chini ya kitanda, na kabla hajaifungua nilisikia harufu. Bati la paa lake lilivuja masika yote. Maji yalikuwa yameingia katoni kutoka chini, yakapanda, yakakauka, na negativu za miaka miwili zilikuwa zimegandana zikawa kitu kimoja.

"Tafuta," akasema.

Niliutafuta ukanda wetu nikaupata, nikaujua kwa mpangilio. Nilirudi nao studio nikaulaza kwenye maji ya vuguvugu, nikausubiri, nikaanza kuutenganisha na ule wa kwaya kwa ncha ya wembe. Nilimwona mama na kidevu chake. Niliwaona ndugu zangu. Halafu ngozi ya filamu ikabanduka kutoka katikati, ikabaki imeshika mgongoni mwa watu wa kwaya, na mahali pa baba pakawa plastiki tupu unayoweza kuona taa kupitia kwayo.

Kwenye jeneza tulibandika picha ya kitambulisho, iliyokuzwa. Ana miaka ishirini na minane ndani yake, na hata wajukuu hawakumjua.

Matanga yalikaliwa pale pale Makongeni kabla ya kusafiri kwenda kuzika. Majirani walipoingia siku ya kwanza walisimama mlangoni kwa mshangao. Viti vilikuwa vitupu. Mama alikuwa ametoa kila kitambaa, cha kochi, cha redio, cha thermosi, na zile mbao zilizokuwa zimefichwa miaka yote zilikuwa na mikwaruzo na misumari iliyochomoza. Walidhani ni mila ya Ukambani. Mimi nilikuwa napitisha chai. Nikamsikia akiwaeleza, kwa sauti ya chini, na si mara moja. Kila kundi jipya liliingia, naye akaeleza tena.

"Huyu msichana aliniambia. Aliniambia kabisa mbele ya watu, Mama, toa hivyo vitambaa, baba hataonekana. Mimi na kichwa changu ngumu nikaongeza vingine. Yeye anajua hiyo kazi. Ni mimi nilimfunika."

Na yule mke wa fundi wa injini, aliyeniuliza nimefuma nini, akanishika mkono wenye birika akasema kumbe nilisema kweli. Nikamjazia kikombe.

Nilibaki studio miaka mingine kadhaa. Tangu mwezi ule wa sita nilibonyeza kupitia selotepu kila ua la ncha sita lilipowaka, kwa mtu mwema na kwa mtu mbaya, mpaka plastiki yake ikatoboka pale kwenye ukucha wangu. Bosi hakugundua. Aliwaambia wateja mashine imezoea mtaa.

Kaka yangu alibatiziwa mtoto mwaka wa pili baada ya hapo, na karamu ikawa kwa wakwe zake, Jericho. Ni watu wa magharibi, watu wa heshima, na mama mkwe alikuwa amekesha wiki nzima akifua na kupiga wanga. Sebule ilimeremeta. Mimi ndiye niliyekuja na kamera. Watu walipokaa tayari, mtoto katikati, mama yangu alisimama. Kwa wakwe mtu hagusi kitu, hata kikombe unangoja upewe. Yeye alikwenda kwenye kochi la wenyewe, akamwomba baba mkwe ainue mgongo, akavuta kitambaa.

"Mama nanihii, unafanya nini?" mama mkwe, mwenye nyumba, akauliza. 

"Mnisamehe. Hii mashine yao inaona theluji," mama akasema. "Mtoto hataonekana. Msichana wangu anaelewa hii kazi, mimi nilikataa kumsikia."

"Mama, wacha," nikasema. "Hakuna haja."

"Nyamaza, nisaidie."

Alivitoa vyote, kimoja kimoja, huku mwenye nyumba akimtazama kwa macho ya kutaka kumtoa nje. Alivikunja vizuri, kwa mikono inayojua thamani yake. Aliketi mahali pake, rundo la vitambaa vya mtu mwingine mapajani. Kisha akanitazama, akisubiri, ili nimwambie kama sasa iko sawa.

Nikamwambia iko sawa.